Mji unataka kujenga faiba yake: wakili na mshauri walipwe kwanza, au pesa yote iende kwenye nyaya?

Mleta mada:
Wakuu, kuna lawama moja inarudi kila mara kwenye hii miradi ya intaneti ya umma, yaani pale manispaa au shirika la umeme la mji linapoamua kujenga mtandao wake wa faiba. Watu wanasema pesa inaliwa na mawakili na washauri kabla mtaro hata mmoja haujachimbwa, wanasema chimbeni kwanza, makaratasi yatafuata. Mimi nipo upande wa pili kabisa. Wakili aanze, mshauri afuate, mkandarasi asubiri.

Tuchukue Marekani ambako haya mambo yamegombaniwa mpaka mahakamani. Sheria yao ya mawasiliano ya 1996 inakataza majimbo kuzuia "taasisi yoyote" kutoa huduma ya mawasiliano. Ukiisoma harakaharaka unaona manispaa nayo ni taasisi, kwa hiyo ruksa, twende kazi. Mwaka 2004 Mahakama ya Juu, kesi ya Nixon dhidi ya Missouri Municipal League, ikasema kwa kura 8 kwa 1 kwamba hayo maneno mawili hayaihusu manispaa, manispaa ni kiungo cha jimbo na jimbo likitaka kukizuia kiungo chake linaweza. Maneno mawili tu hayo, na mipango ya miji kibao ikafungwa mlango.

Halafu 2015 tume yao ya mawasiliano, FCC, ikajaribu kufuta vizuizi vya majimbo ya Tennessee na North Carolina kwa mitandao ya miji, baada ya miji ya Chattanooga (Tennessee) na Wilson (North Carolina) kuomba. Wilson ikavuta faiba mpaka mji mdogo jirani wa Pinetops, watu wakaunganishwa, na 2016 mahakama ya rufaa ikatengua uamuzi wa FCC. Fikiria umeshampa mtu intaneti nzuri halafu sheria inakwambia kata. Ilibidi bunge la jimbo liwape Pinetops msamaha wao maalum 2017. Sasa hapo niambieni nani alihitajika kwanza, fundi au wakili?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu hiyo mifano yako inanipa mimi nguvu. Lafayette kule Louisiana wananchi walipiga kura 2005 wakakubali kwa kama asilimia 62, huduma ikaanza 2009, miaka minne, na katikati kesi juu ya kesi mpaka mahakama kuu ya jimbo 2007. Wananchi walishasema wanataka! Hiyo miaka mingapi mtoto anafanya homwek kwa intaneti ya kusuasua wakati watu wazima wanabishana tafsiri ya kifungu? Stockholm walianzisha kampuni yao ya Stokab 1994, mji ukalaza faiba tupu chini, yaani nyaya bila vifaa vya kupitisha intaneti, na kuwakodisha makampuni yote kwa usawa, kila kampuni ikafunga vifaa vyake na kuwasha yenyewe, basi. Mambo yakienda kirahisi hivyo mlolongo wa washauri wa nini?

Mleta mada:
Ndugu, Lafayette hawakushtakiwa kwa sababu walikuwa na mawakili. Walishtakiwa kwa sababu makampuni yaliyokuwa yanauza pale hayakutaka mshindani. Wangeingia bila wakili wangekufa kesi ya kwanza. Hata Chattanooga ambayo kila mtu anaisifu kwa kutoa intaneti ya kasi ya giga moja kwa sekunde 2010 ilishtakiwa na watu wa kebo kabla haijauza chochote, ikapita kwa sababu ilikuwa imejipanga. Stokab nakubaliana na wewe ni mfano mzuri, ila ule uamuzi kwamba mji usiuze kwa mwananchi moja kwa moja bali ukodishe nyaya, huo ndio hasa ushauri ninaouongelea, ni uamuzi wa kisheria na wa kibiashara kabla hujagusa sululu.

Mchangiaji wa pili:
Mimi siwapingi mawakili sana, tatizo langu ni washauri. Ile ripoti ya upembuzi yakinifu inaandikwa na kampuni ambayo baadaye ndiyo inapewa kuchora mtandao na kusimamia ujenzi, sasa hiyo kampuni itathubutu vipi kuandika kwamba mradi haulipi? Siri yote iko kwenye namba moja, katika kila nyumba mia ambazo waya unapita mbele yake ni ngapi zitalipia. Ukiandika 50 mradi unapendeza, ukiandika 30 deni halilipiki, na hakuna anayejua kwa uhakika kwa hiyo mshauri anachagua namba inayomfaa mteja.

Mnakumbuka Provo, Utah? Walikopa kama dola milioni 39 kujenga iProvo, mtandao wa faiba wa mji, mwisho 2013 wakauza mtandao kwa Google kwa dola 1, moja, na wakazi wakabaki wanakatwa dola 5.35 kila mwezi kwenye bili kulipa deni la kitu ambacho si chao tena. Hilo linaniuma mpaka leo kwa sababu nyuma ya kila bili kuna familia haikuulizwa.

Mleta mada:
Provo umeigusa lakini nusu. Sheria ya Utah ya 2001 iliuwekea masharti mazito mji unaotaka kuuza rejareja, kwa hiyo Provo wakaenda na mtindo wa jumla, mji unabeba deni lote na makampuni binafsi ndiyo yanashika wateja. Ukiangalia vizuri sheria ndiyo iliyochora biashara, na biashara ile haikuwa na namna ya kulipa deni. Mshauri anayepiga hesabu bila kukaa meza moja na wakili anapiga hesabu za mji ambao haupo.

Na Burlington, Vermont ni funzo la aina nyingine. Kibali cha mtandao wao wa faiba kilisema wazi wakikopa kwenye mfuko wa mji warudishe ndani ya siku 60. Hawakurudisha, ikafika kama dola milioni 17, benki iliyowakopesha vifaa ikawashtaki, hadhi ya mji ya kukopa ikashuka. Sharti lilikuwa limeandikwa! Hapo alihitajika mtu wa kukaa na hicho kibali mkononi kila mwezi na kusema jamani tunavunja, na huyo mtu hayupo kwenye bajeti ya "chimbeni kwanza".

Mchangiaji wa tatu:
Naomba niongeze kitu ambacho wote mmeruka, NGUZO. Nimefanya kazi hizo. Faiba ya juu inapita kwenye nguzo za mtu, na kila aliyekwisha kufunga waya pale lazima asogezwe kupisha wa kwako, mmoja akichelewa wote mnangoja. Mara nyingi huyo anayetakiwa kusogeza ndiye mshindani wako. Halafu kule Marekani kanuni za FCC za kupanga bei ya nguzo hazizigusi nguzo za mashirika ya umma na ya ushirika, huko ni maelewano ya mkataba tu. Nilishuhudia mradi mmoja faiba ipo stoo, mafundi wapo, magari yapo, na kila mtu anasubiri saini ya mwenye nguzo kwa miezi. Mkataba wa nguzo ungeanza kujadiliwa mwanzoni kabisa wala tusingefika huko.

Mchangiaji wa kwanza:
Hapo kwenye nguzo umenigusa, nakubali. Lakini miji midogo isiyo na pesa ya mwanasheria bingwa wa mawasiliano ifanyeje? Ule mpango wa BEAD, ruzuku ya serikali kuu ya Marekani ya kusambaza intaneti, dola bilioni 42.45, ulianza na sharti la dhamana ya benki ya asilimia 25 ya ruzuku, wadogo wakapiga kelele mpaka 2023 sharti likalegezwa. Kila sharti jipya linamfaa mwenye mawakili wengi. Ninyi mnatetea mfumo ambao maskini haingii.

Mleta mada:
Hoja nzito hiyo na sitaiepuka. Naona miji midogo iungane, wachange wakili mmoja, rasimu moja ya mkataba wa nguzo na moja ya kukodisha faiba, zitumike na wote na ziwe wazi kwa umma. Na wa pili naye nampa haki yake, aliyefanya upembuzi asiguse ujenzi, alipwe kiasi kile kile akisema jengeni au akisema msijenge.

Mchangiaji wa pili:
Sawa, na mawakili wa hati fungani je, wale wanaoandaa makaratasi ya mji kukopa kwa wawekezaji? Hao mara nyingi wanalipwa mkopo ukishafungwa, kutoka kwenye huo huo mkopo. Mkopo usipofungwa hawapati kitu. Hujawagusa.

Mleta mada:
Kweli sikuwagusa. Basi mji uwe na wakili mwingine, analipwa kwa saa, hana chochote kinachotegemea mkopo kupita, na huyo ndiye asome makaratasi ya mkopo kabla baraza halijapiga kura. Gharama itaongezeka, najua, na ningetaka mchangiaji wa kwanza aseme kama kwenye ule mchango wa miji midogo huyu naye anaweza kuingia.