NAS ya nyumbani: kipimo kifupi, kipimo kirefu au skrabu? Kipi kiende lini?

Harusi_Tabata

Wakuu, heshima kwenu. Nina NAS (kasha la diski la kuhifadhia faili kupitia mtandao wa nyumbani) ya diski mbili, kila moja TB 4, nimeziunga RAID 1, yaani kila faili huandikwa kwenye zote mbili, ipo sebuleni chini ya TV. Kazi yangu ni picha na video za harusi, kwa hiyo mle ndani kuna ndoa za watu tangu 2019, nyingine wenyewe wameshaachana ila picha bado ninazo.

Mwezi uliopita niliingia kwenye menyu ya matunzo ya diski nikakuta kazi nne: kipimo kifupi cha SMART (diski kujipima afya yenyewe), kipimo kirefu cha SMART, skrabu ya data (kusoma na kuhakiki data yote), na kupanga upya vipande vya faili. Sikujua tofauti, nikaziwasha zote kila wiki, usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, saa nane, nikijua nitakuwa nimelala. Sasa kila Jumapili nikikaa kuhariri, video zinakwama na diski zinasaga kama kinu mpaka usiku.

Naomba kujua ipi ni ya lazima, ipi ni mbwembwe, na kama ningeruhusiwa moja tu nichague ipi? Natanguliza shukrani.

FundiBaridi

Kipimo kifupi mkuu, basi. Dakika mbili kimekwisha. Hizo nyingine zinaichosha diski bure. Yangu ina miaka sita, sijawahi kuskrabu kitu na inapiga kazi.

Binti_wa_Kizingo

FundiBaridi, na mimi nilikuwa nasema hivyohivyo.

Mteja wangu wa hapa Mombasa alirudi baada ya miaka mitatu akitaka picha ya marehemu babake, iliyopigwa siku ya harusi ya bintiye. Nikafungua faili. Kilemba kipo, paji la uso lipo, macho yapo, halafu kuanzia puani kwenda chini ni kijivu kitupu na mistari ya zambarau. Nikafungua ya pili, sawa. Ya tatu, kijivu tena. Nikakimbilia SMART: kijani tupu, diski zote mbili "nzima". Kipimo kifupi kilikuwa kinapita kila wiki bila kosa hata moja. Nakala ya nje niliyokuwa nayo ilichukuliwa baada ya faili kuharibika, kwa hiyo nilikuwa nimehifadhi uharibifu kwa uangalifu mkubwa.

Sikuwahi kujua kilichoziharibu. Huenda ni RAM, huenda umeme ulikatika katikati ya kuandika. Ninachojua ni kwamba diski haikuwa na habari. Iliambiwa itunze kijivu, ikatunza kijivu.

Mzee_wa_Seva

Binti ameeleza vizuri kuliko kitabu. Niongezee pale alipoishia.

Vipimo vya SMART vinakagua chombo, skrabu inakagua mzigo. Kile kifupi, diski inajipima umeme wake na vichwa vyake, kisha inasoma sehemu ndogo tu ya sahani. Kile kirefu inasoma uso wote mwanzo mpaka mwisho. Kwa TB 4, ukichukua wastani wa MB 150 kwa sekunde, ni kama saa saba na nusu. Kirefu kitakwambia kama kila sekta, yaani kila kipande kidogo cha diski, inasomeka. Hakiwezi kukwambia kama kilichosomeka ndicho ulichoandika, kwa sababu diski haijui harusi wala msiba, inajua namba tu.

Kwenye skrabu ndipo tunapochanganywa, maana kuna kazi mbili zinazotumia jina moja. Ya kwanza ni ya RAID: inasoma diski A na diski B na kulinganisha. Zikitofautiana kwenye RAID 1, haina njia ya kujua nani mkweli. mdadm, programu ya RAID ya Linux, ukiiamuru irekebishe, inachukua nakala ya kwanza na kuiandika juu ya nyingine. Kama ile ya kwanza ndiyo mbovu, umeua na nzima. Ya pili ni ya mifumo ya faili ya Btrfs na ZFS. Hapa kila kipande cha data huandikwa pamoja na alama yake ya uhakiki. Skrabu inakisoma, inapiga hesabu upya, alama zisipolingana inaenda kuchukua nakala ya diski ya pili yenye alama sahihi na kurekebisha. Hii ndiyo inayojua nani mkweli.

Harusi_Tabata, kwa hiyo kabla hujauliza uchague ipi, angalia ni mfumo gani wa faili uliowekwa. Kama ni ext4, unayo ile ya kwanza tu. Na kwa wenye NAS za Synology: hata ukiwa na Btrfs, alama hizo huwekwa folda kwa folda, na tiki yake hutiwa siku folda inapoundwa. Ukisahau siku hiyo huwezi kuiongeza baadaye, inabidi uunde folda mpya na kuhamishia faili.

Kazi ya nne, ya kupanga vipande, izime. Kwenye SSD (diski isiyo na sahani) ni kuchakaza tu, na kwenye Btrfs yenye nakala za hali ya faili za siku zilizopita inaweza kula nafasi, kwa sababu vipande vilivyokuwa vinashirikiwa vinaandikwa upya kila kimoja kivyake.

FundiBaridi

Nimekusoma mzee. Ila hoja yangu ya kuchosha diski hujaijibu. Saa saba za kusoma mfululizo si mchezo.

Mzee_wa_Seva

Kwa ratiba ya mwenye uzi, una haki kabisa. Diski nyingi za NAS za nyumbani karatasi yake inasema kiwango cha kusoma na kuandika ni TB 180 kwa mwaka. Skrabu ya RAID husoma diski nzima hata kama imejaa nusu, kwa hiyo TB 4 mara wiki 52 ni TB 208. Amepita kiwango kabla hajahariri harusi hata moja. Akiifanya mara moja kwa mwezi ni TB 48, na hapo hakuna kinachochoka.

Wengine walishaamua hivyo kabla yetu. Debian, mfumo wa Linux, yenyewe hukagua RAID ya mdadm Jumapili ya kwanza ya kila mwezi. TrueNAS, mfumo wa kuendeshea NAS, imewekewa siku 35 kati ya skrabu na skrabu. Mimi naenda hivi: kifupi kila wiki, kirefu mara moja kwa mwezi, skrabu kila mwezi au hata kila miezi miwili kama data haibadiliki sana. Ila usiweke kirefu na skrabu usiku mmoja. Vichwa vya diski vinakuwa kama konda aliyeitwa na abiria wawili, mmoja mlango wa mbele mmoja wa nyuma, na hakuna anayehudumiwa.

Baharia_Muscat

Assalaam alaykum jamaa. Naona mmezama kwenye skrabu lakini swali la kwanza la ndugu yetu bado liko pale pale. Kama kazi inaanza saa nane usiku na inachukua saa saba na nusu, saa tatu na nusu asubuhi ingekuwa imekwisha, au tuseme saa sita mchana kwa sababu zinagombana. Yeye anasema inasaga mpaka usiku.

Harusi_Tabata, hebu fungua ratiba utuandikie hapa namba zilizomo kama zilivyo. Usitafsiri.

Harusi_Tabata

Jumapili, 8:00.

Baharia_Muscat

Hahaha! Nilijua. Hiyo si saa nane usiku ndugu yangu, hiyo ni saa mbili asubuhi. Mashine haihesabu saa za kwetu. Saa nane usiku kwake ni 2:00. Nilipofika huku kutoka Unguja nilikosa miadi ya daktari kwa kosa hilohilo, kwa hiyo sikucheki peke yako.

Ukishabadilisha, angalia na eneo la saa. Lisipokuwa la Dar, hata 2:00 yako itaangukia kwingine.

Harusi_Tabata

Daah. Wiki tatu namlaumu muuza diski.

Nimebadilisha. Kupanga vipande nimezima. Mfumo ni Btrfs, lakini folda ya harusi haina ile tiki. Folda moja tu ndiyo inayo, na mle ndani kuna muziki.

Binti_wa_Kizingo

Pole. Unda folda mpya yenye tiki, uhamishe kidogo kidogo. Ila fungua picha mbili tatu za kila mwaka kabla ya kuhamisha, kwa sababu alama ya uhakiki itaapia kile itakachokikuta. Ikikuta kijivu, itakutunzia kijivu milele.

Na UPS unayo? Iwe yenye waya wa USB kwenda kwenye NAS, ili umeme ukikatika mashine ijizime yenyewe kwa ustaarabu kabla betri haijaisha. Kipimo kirefu kikikatika kwa kawaida unaanza upya. Skrabu ya ZFS huendelea pale ilipoishia.

Harusi_Tabata

UPS ipo ila waya wa USB bado uko kwenye boksi, sikujua kazi yake. Naunga leo.

Kipimo kirefu nakianzisha usiku huu kwa mkono. Majibu nikiyapata niangalie wapi? Kuna jedwali refu, namba kama thelathini.

Mzee_wa_Seva

Usisome yote, utaugua presha. Angalia safu ya mwisho, ile ya namba ghafi, kwenye mistari minne.

Mstari wa 5 ni sekta zilizokwisha kufa na kubadilishwa na za akiba. Ikiwa namba ndogo isiyopanda, unaweza kuishi nayo. 197 ni sekta zinazosubiri, yaani diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaamua la kufanya. 198 ni zilizoshindikana. 199 watu huichukulia kama kifo cha diski, kumbe ni makosa ya mawasiliano, mara nyingi kebo au diski haijakaa sawa kwenye nafasi yake. Ikipanda, zima mashine, chomoa diski, pangusa vumbi, rudisha. Namba yenyewe haitashuka, unachotaka ni isiendelee kupanda.

Usipuuze dalili, lakini usilale fofofo kwa kukosa dalili. Watafiti wa Google mwaka 2007 walitoa matokeo ya diski zaidi ya 100,000. Diski ikishaonyesha kosa la kwanza kwenye ukaguzi wa uso, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 ulikuwa mara 39 ukilinganisha na isiyo na kosa. Na papo hapo, zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha lolote kwenye dalili nne kubwa walizozifuatilia wao.

FundiBaridi

Hii ya pili imenikaa vibaya. Ngoja na mimi niwashe kirefu usiku huu.

Harusi_Tabata

Majibu wakuu. Kimeanza 2:00 kweli, saa nne asubuhi kimekwisha.

Diski ya kwanza: 5 ni 0, 197 ni 0, 198 ni 0, 199 ni 3.
Diski ya pili: kipimo kimeishia njiani, kimeandika kosa la kusoma. 5 ni 0, 197 ni 16, 198 ni 0, 199 ni 0.

Kipimo kifupi cha wiki iliyopita diski hiyohiyo ilipita. Nianzishe skrabu irekebishe?

Mzee_wa_Seva

Hapana, subiri. Usiguse skrabu. 16 si namba ya kutisha yenyewe. Diski nyingi za sasa zina sekta za baiti 4096 lakini huzihesabu kwa vipande vya 512, kwa hiyo 16 yaweza kuwa sehemu mbili tu zilizoshindikana kusomeka. Zikiandikwa upya, huenda diski ikazikubali au ikazibadilisha na za akiba. Lakini hujui kama ni mbili leo na mia kesho, na skrabu ni kazi nzito. Leo unaye shahidi mmoja tu mzima. Nakili kwanza kwenda diski ya nje, ukianza na harusi ambazo hujamkabidhi mteja. Risiti unayo? Angalia dhamana ya ile ya pili.

Baharia_Muscat

Na itoe chini ya TV. Joto la sebuleni Dar mwezi wa pili nalijua.

Harusi_Tabata

Risiti ninayo, dhamana inaisha mwezi wa tisa. Nimenunua diski ya nje ya TB 4 hapa Kariakoo, nimeanza na za 2024, kisha nirudi nyuma. NAS nimeihamishia kwenye meza karibu na dirisha. Nafungua picha moja moja kila folda ikimalizika, na mpaka sasa kila mtu bado ana kidevu. Asilimia 31.