Tableti au simu kubwa kwa muuza leso?

BiLeso_Likoni
Assalamu alaikum ndugu zangu. Nauza leso kwa kuzunguka hapa Mombasa. Asubuhi navuka feri, nachukua mzigo Biashara Street, kisha nazungukia maofisi na nyumba za maharusi mpaka Kisauni. Mgongo umechoka, kwa hivyo siku hizi nabeba doti kumi tu (doti ni leso mbili pacha), nyingine naonesha kwa picha. Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Mteja wa leso husoma jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa, atazame pindo la kandokando, atazame mji, lile pambo la katikati. Kwenye simu yangu ya inchi 6.7, leso nzima ikitokea ni kama pakiti ya sigara na jina halisomeki. Akivuta kwa vidole asome jina, mji umepotea. Juzi mama mmoja wa Bamburi aliagiza doti sita, nilipompelekea akaniambia pindo hili silo. Kumbe alichoona ni jina tu! Nimerudi nazo, na nauli imekwenda bure.

Naambiwa ninunue tableti. Jamani, itabebeka? Mwaijua feri ya jioni: mkono mmoja kikapu, wa pili nashikilia buibui lisikanyagwe.

Chaji_MwembeTayari
Dada, mimi nauza simu, nitakwambia kweli hata kama yaniumiza. Tableti hazitoki kama zamani. iPhone ya 2007 ilikuwa na skrini ya inchi 3.5, kwa hivyo iPad ilipokuja 2010 na inchi 9.7, kila mtu aliona tofauti, ingawa ilikuwa na gramu 680. Sasa simu zenyewe zimenenepa. Anayekuja kwangu kuulizia tableti mara nyingi anamtafutia mtoto katuni.

Lakini biashara yako ni nyingine. Inchi hupimwa kona kwa kona, na simu ni ndefu nyembamba, leso ni pana. Hata ukiilaza simu, pembeni hubaki weusi mtupu. iPad mini ya 2012 ilikuwa inchi 7.9 tu, gramu 308, ila umbo lake ni pana, 4 kwa 3. Leso hapo huonekana zaidi ya mara mbili ya ilivyo kwenye simu yako. Kwa hivyo tafuta ndogo iliyo pana, usikimbilie ya inchi 10.

MamaChanuo
Na uangalie tundu la laini, mwanangu. Zipo zisizokuwa nalo kabisa, wataka kupokea M-Pesa wabaki kuitumbulia macho. Simu usiiuze ng'o.

Karani2019
Nilizunguka na tableti sensa ya 2019. Uzito si siku ya kwanza, ni saa tisa ya alasiri, kidole gumba kimekufa ganzi. Na juani waona uso wako tu, skrini huioni. Mteja muingize kivulini kwanza. Kwenye feri itie katikati ya zile doti, hakuna kifuko bora kuliko leso.

BiLeso_Likoni
Nimerudi, shukran nyote. Sijanunua bado, niliazima ya mpwa wangu, ya inchi 8, kona moja imepasuka. Nikaenda nayo nyumba ya harusi Mji wa Kale. Simu nikimpa mtu huikamata peke yake, wenzake wangoje zamu. Hii niliiweka mkekani, wakainama watatu kwa pamoja, mmoja wa pindo, mmoja wa rangi, ugomvi ukaanza palepale (na ugomvi wa wanunuzi mimi naupenda). Doti nane zimekwenda, pesa zikaingia kwenye simu. Ingekuwa tisa, ila nyanya yake bibi harusi alivaa miwani, akalisoma jina mwenyewe kwa sauti, akasema hiyo itoeni, mkwe ataona namsema.