Vigingi vya kukazia nyuzi za fidla vyateleza, na video ya majaribio ni wiki ijayo

Mama Rehema: Salaam aleikum. Binti yangu, miaka 17, atarekodi Bach ya fidla pekee na konseto ya Mozart nambari 3, ya kutumwa chuo Uingereza. Uzi wa A washuka kila mara. Ni mkono wake?

Fundi wa Kizingo: Waaleikum salaam mama. Si mkono, ni eisii, yaani kiyoyozi, hukausha hewa. Unyevu wa pwani hufurisha mbao. Chumba kikikauka kigingi husinyaa, kikateleza. Fidla ikae chumba cha kurekodia saa nzima kwanza. Akikaza, azungushe huku akisukuma ndani. Kikikaidi, akitoe, apake sabuni kavu kisha chaki kidogo. Kimoja kimoja tu! Akilegeza nyuzi zote nne, daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, litaanguka, na kile kijiti cha ndani huenda kikaanguka nacho. Hapo sauti imekwisha.

Bakari: Uta nao alegeze kila akimaliza, maana nywele hufupika hewa ikikauka, zikauvuta mti wa uta. Piano ya kumsindikiza kwenye Mozart ipimwe mapema. Za huku hushuka chini ya 440, kipimo cha kawaida cha sauti ya A. Ikiwa imeshuka, afuate piano, si kipimasauti cha simu. Na asiunganishe vipande vya video, wasikilizaji hugundua.

Mama Rehema: Aa, kumbe eisii! Shukran.