Naomba ushauri: kusimama msitu wa Jozani kutoka Paje kwenda uwanja wa ndege

Habari zenu wadau wa utalii Zanzibar. Wageni sita wanatoka Paje asubuhi, ndege yao ya kimataifa inaruka saa 10:30 jioni. Wanatakiwa uwanjani saa 7:30 mchana.

Jozani iko njiani kabisa, hakuna kuzunguka. Mpango ni kutoka Paje saa 4:00 kamili, saa 4:30 kukata tiketi na kupata muongozaji, saa 6:15 gari liwe limeng'oka. Inabaki saa nzima na robo ya barabara, kwa kuwa foleni ya kuingilia mjini haitabiriki.

Kima punju, wale kima wekundu wa Zanzibar, ndio hasa wanaofuatwa. Mara nyingi wako ng'ambo ya barabara, wanakula majani machanga ya miti mifupi, na ukitulia unaona wazi kwamba mkono hauna dole gumba. Hapo ndipo muda unapopotea: kila mgeni anataka picha moja zaidi. Njia ya mbao ya mikokoni, kijijini Pete, maji yakiwa yamejaa inapendeza mno, ila inakula nusu saa nyingine.

Naomba mnisaidie. Mikoko niikate, au nipunguze matembezi ya msituni? Na mizigo: Hiace moja yenye keria juu, turubai na kamba, dereva asiondoke garini, au gari la pili litangulie na mabegi? Pasipoti na fedha watabeba wenyewe kwa vyovyote.