Mmeziba tundu la usalama kimya kimya, halafu toleo la 4 mmelitelekeza. Huu ni uhuni!

Wakuu, nimekasirika na sitaficha.

Kuna maktaba ya chanzo huria (kodi iliyoandikwa tayari ambayo waandishi wa programu wanaitumia ndani ya programu zao) ya kufungua faili za zip. Jina silitaji, maana tundu bado liko wazi kwa wengi wenu mnaosoma hapa. Ni udhaifu uleule uliotangazwa mwaka 2018 kwa jina la Zip Slip: mtu anatengeneza zip yenye faili ambayo jina lake linaanza na ../../ (yaani "panda folda mbili juu"), programu yako inaifungua bila kuuliza, na faili inaangukia nje ya folda uliyoipangia. Ikiangukia juu ya skripti inayoendeshwa na seva, habari yako imekwisha. Dawa inajulikana miaka yote hiyo: tafuta njia kamili ya faili, hakikisha bado iko ndani ya folda lengwa, ikitoka nje kataa. Mistari michache tu ya kodi.

Sasa hao jamaa wamefanyaje? Kiraka wamekiweka kwenye toleo la 5 peke yake, na kwenye maelezo ya toleo wameandika "maboresho madogo". Maboresho madogo! Hakuna tangazo la usalama, hakuna namba ya CVE, ile namba rasmi inayopewa udhaifu unaotangazwa. Na hilo toleo la 5 limebadilisha majina ya funksheni kibao, kwa hiyo kuhama kutoka la 4 ni kuandika upya sehemu kubwa ya kodi yako. Nani ataihangaikia kazi hiyo kwa ajili ya "maboresho madogo"?

Msiniambie walificha ili kutulinda. Kodi iko hadharani. Mwenye nia mbaya hana haja na maelezo ya toleo, anasoma kilichobadilika kati ya toleo na toleo, na akiona ukaguzi wa njia za faili umeongezwa ghafla anajua pa kupiga. Tunaobaki gizani ni sisi. Skana zetu za usalama nazo zinatafuta namba ya CVE. Bila namba, ripoti inarudi ya kijani na bosi anatabasamu.

Nikafungua tiketi kuomba kiraka kirudishwe kwenye toleo la 4. Jibu: "hamia la 5". Tiketi ikafungwa, maoni yakazuiwa.

Najua anakuja mtu na "ni ya bure, rekebisha mwenyewe". Nimerekebisha, nimetuma, imekaa pale haijaguswa. Na habari za kujitolea tusizungumze kana kwamba ni kinga. Watu wa Log4j, maktaba ya lugha ya Java ya kuandika kumbukumbu za programu, walikuwa wa kujitolea pia, Desemba 2021 tundu lao lilipojulikana, dunia nzima ikiwapigia kelele. Toleo la kurekebisha, 2.15.0, halikutosha, wakasema wazi halikutosha, wakatoa 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, kila udhaifu na namba yake ya CVE. Wakatoa hata 2.12.2 kwa waliobaki na Java 7, na 2.3.1 kwa wa Java 6. Java 6, jamani!

Tena kusasisha peke yake mara nyingi hakumalizi kazi. Heartbleed, tundu la OpenSSL (maktaba ya kusimba mawasiliano ya mtandaoni), ilipotoka Aprili 2014, waliohamia toleo lililorekebishwa, 1.0.1g, bado walikuwa na kibarua: funguo za siri huenda zilishavuja, ikabidi watengeneze mpya, waombe vyeti vipya na kubatilisha vya zamani. Nani angejua hayo kama angeambiwa ni maboresho madogo? Hapa pia inabidi tukague kama kuna faili zilishaandikwa pasipotakiwa, na hakuna aliyetuambia tukague.

Nadai tangazo. GitHub, mtandao wa kuhifadhi kodi, inamruhusu mwenye mradi kuomba namba ya CVE palepale, bila malipo. Na kiraka changu kipitiwe, au kikataliwe kwa sababu zinazosomeka.

Kwa sasa, kama programu yako inapokea zip kutoka kwa watu, usiiachie maktaba kazi hiyo. Kagua mwenyewe njia ya kila faili kabla ya kuiandika, na viungo vya faili (symlink) vinavyoelekeza folda nyingine uvikatae. Waliohamia toleo la 5 nanyi msilale: kiraka chao kinatafuta herufi ../ tu, ukiandika ..\ kwenye Windows inapita. Hilo nalo nimewaandikia, faraghani kama taratibu zinavyotaka, na hadi leo hawajajibu.