Mjadala: Paa la kigango linavuja, tuchangie misioni za mbali?

Mwanzisha mada (Magomeni, Bagamoyo)
Tumsifu Yesu Kristu, na wa makanisa mengine Bwana asifiwe. Oktoba hiyoo inakuja na Dominika yake ya Kimisionari, ile ya pili kutoka mwisho wa mwezi. Papa Pius XI aliiweka mwaka 1926, na sadaka yake haibaki parokiani: inakwenda kwenye mfuko wa kusaidia majimbo ya misioni duniani kote. Jumuiyani kwetu hapo ndipo moto ulipowaka. Mzee wetu mmoja kauliza kwa nini tupeleke hela kwa watu tusiowajua na huku mvua inatunyeshea ndani ya kigango, kanisa letu dogo chini ya parokia. Akapigiwa makofi.

Mimi nasema tutoe, tena bila kusubiri paa. Bagamoyo yenyewe ilijengwa na watu wasioijua. Mapadri wa Roho Mtakatifu walipohamia hapa kutoka Unguja mwaka 1868, hela za kuwakomboa watoto utumwani zilitoka pia kwa watoto wa Ulaya, hasa Ufaransa, kupitia Shirika la Utoto Mtakatifu lililoanzishwa 1843. Kila mtoto alitoa kisenti kwa mwezi. Unadhani kwao hakukuwa na paa linalovuja?

Mama wa jumuiya (Nianjema)
Wakristo si wachoyo jamani. Mwaka jana tangazo lilisomwa baada ya Komunyo, watoto wanalia njaa, katekista anakimbia na karatasi kama anayefukuzwa. Kikapu kikapita mara ya tatu siku hiyo hiyo. Mimi nilitia mia tano, na sikuambiwa inaenda wapi. Mchango wa sare za kwaya tunaitwa kikao, tunaonyeshwa hadi kitambaa!

Mlutheri wa Tanga
Amina. Huku tunapiga mnada baada ya ibada: kuku, mkungu wa ndizi, trei ya mayai. Jogoo mmoja anaweza kununuliwa na kurudishwa mezani mara tatu, watu wanacheka, hela inaingia. Raha tupu. Ila mkimuuliza mtu wiki inayofuata alichangia nini, atakwambia "jogoo". Misioni kashaisahau.

Mwanzisha mada
Mama wa Nianjema kagusa penyewe. Mnamjua Pauline Jaricot? Binti wa Lyon, wala hakuwa sista. Alipanga watu kumi kumi, kila mmoja sarafu ndogo kwa wiki, na kiongozi wa kumi akakusanya. Mwaka 1822 mpango huo ukawa Shirika la Uenezaji wa Imani. Mwaka 2022 katangazwa mwenyeheri, hatua moja kabla ya kuitwa mtakatifu. Ninachokipenda zaidi ni kwamba hela ilikuwa na barua zake: wamisionari waliandika kutoka huko waliko, barua zikachapwa, zikasomwa na kupitishwa mkono kwa mkono. Mtu wa Lyon alijua nani kapata homa na shule gani imekosa mwalimu.

Sasa sisi jumuiya ndogondogo tunazo tayari, kila wiki tunakutana. Mapadri na masista Watanzania wako nje wanafanya utume, tena wengine tumesoma nao. Nani kawahi kusoma barua ya mmoja wao jumuiyani? Tunaanza na bahasha, barua hatuna. Kupaza sauti madhabahuni hakutasaidia.

Jirani Muislamu (Dunda)
Nachungulia tu, msinifukuze. Hela zenu ni zenu. Lakini mkisimulia hao waliokombolewa, simulieni yote. Walilimishwa mashamba ya misheni, wakapangiwa sala na ndoa, na wapo waliotoroka. Halafu swali: mchango huo ni wa kuchimba visima au wa kubatiza? Sisi majirani tungependa kusikia likisemwa wazi.

Mwanzisha mada
Karibu sana jirani. Hayo ya kutoroka yameandikwa, hata na wanahistoria ambao ni mapadri. Nami siyapambi. Ila usiwaone wote kama watu waliofanyiwa tu. Mwaka 1877 misheni ilipofunguliwa Mhonda, kule Morogoro, vijana waliolelewa hapa walipelekwa kule kuianzisha pamoja na mapadri. Kwa hiyo Bagamoyo imeshatuma wamisionari, nao walikuwa Waafrika, jambo ambalo mahubiri ya Oktoba hayaligusi kabisa. Hilo la visima au ubatizo: ni yote mawili. Asemaye ni visima tu anamdanganya jirani, na anamdanganya mtoaji pia.

Mzee wa paa (Magomeni)
Mwanangu, naona umenisema mbele za watu. Si kitu. Huyo binti wa Lyon sina ugomvi naye. Lakini mnasahau kwamba hao wa Ulaya walikuwa na viwanda, sisi tuna dagaa na bodaboda. Na mhasibu wetu hajasoma mapato na matumizi tangu Pasaka. Mtu asiyenieleza hela ya bati nitamwamini vipi na hela ya ng'ambo?

Mwanzisha mada
Shikamoo mzee. Hapo kwa mhasibu niko upande wako, tuanzie hapohapo. Yupo sista mzaliwa wa huku aliye nje, dada yake tunasali naye. Nimemwomba aandike ukurasa mmoja, usomwe Alhamisi.

Mzee wa paa
Marahaba. Alhamisi nitakuja kusikiliza. Bahasha siahidi.