Wauza magari na mafundi mnaziua haibridi za watu, halafu mnatangaza kwamba haibridi ni vimeo

Wakuu, salaam. Mods, naomba msiuunganishe uzi huu na zile nyuzi za "haibridi ni pasua kichwa". Hoja yangu ni tofauti, na nina hasira nayo.

Kila kijiwe ukikaa unaambiwa usithubutu kununua haibridi (gari yenye injini ya mafuta pamoja na mota ya umeme na betri kubwa), utalia. Prius, haibridi ya Toyota, ilianza kuuzwa Japani Desemba 1997. Leo ni teksi kwenye miji chungu nzima ya Ulaya na Marekani, zinatembea usiku na mchana, na mwenye teksi si mtu wa kuvumilia gari inayomla mtaji. Kwa hiyo gari ya aina hiyo ikifika Dar ikafa ndani ya muda mfupi, mimi naanza kuangalia mikono iliyopitia. Yadi, dalali, fundi. Hao ndio wanaoziua, na hao hao ndio wa kwanza kumwambia mwenye gari "si tulikwambia?"

Dada yangu kanunua Toyota Aqua, haibridi ndogo, ya 2013 kwenye yadi moja hapa mjini. Imeng'arishwa, kava mpya za viti, inanukia. "Dada yangu, hii inanusa tu mafuta, lita moja kilomita thelathini na tano." Kalipa, kashika njia ya Morogoro. Hajafika Chalinze, pembetatu nyekundu ikawaka, gari ikawa nzito, na kwenye skrini yakatokea maandishi ya Kijapani. Yuko pembeni ya barabara, malori yanampita, na gari inamweleza ugonjwa wake kwa lugha asiyoijua. Siku anakabidhiwa funguo hakuna aliyemfundisha hata onyo moja lina maana gani.

Gari ilipovutwa tukachomeka kifaa cha kupimia. Ikasoma P0A80, yaani betri kubwa imechoka. Sawa, gari ya mtumba, betri inaweza kuchoka. Kilichonipandisha presha ni namba nyingine. Kompyuta ya gari huwa inatunza umbali uliotembea tangu mtu afute makosa kwenye kumbukumbu yake, na vifaa vingi vya kupimia vinaweza kuisoma. Umbali ule ulikuwa ni kutoka pale yadi mpaka ilipozimia, na vijikilomita vichache juu yake. Maana yake mtu alichomeka mashine akaliona kosa, akalifuta, taa ikazima, akamwita mteja aje kulipa. Huo ni wizi, na sitatafuta neno laini zaidi.

Nilipowapigia yadi, jibu lilikuwa "betri za haibridi hazina dhamana kaka, unajua mwenyewe." Najua. Toyota kule Japani wanaitolea dhamana ya miaka 5 au kilomita 100,000, na gari ya 2013 ilishaivuka miaka hiyo kabla haijapanda meli. Ndiyo maana mlitakiwa mseme! Kama hatari yote anaibeba mnunuzi, basi mnunuzi ana haki ya kuambiwa hali ya kile anachokibeba.

Na hiyo thelathini na tano mnayoiimba kila siku: Aqua ilipotoka Desemba 2011 ilipata kilomita 35.4 kwa lita kwenye kipimo cha Kijapani cha JC08, ambacho hupimwa kwenye mashine, hakuna foleni ya Ubungo wala abiria watano na mizigo. Kwa Dar, AC imewashwa, ukipata ishirini na kitu gari yako ni nzima na unaendesha vizuri. Mtu asiyejua akipata 21 anadhani kauziwa gari mbovu, anakimbilia kwa fundi, na huko ndiko linakoanza balaa lingine.

Nirudi kwenye zile kava za viti, maana hapa ndipo nawaomba wenye Aqua msome taratibu.

Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma. Inapozwa na feni ndogo inayovuta hewa ya humu humu ndani mnamokaa, kupitia tundu lenye vijinafasi lililo chini pembeni ya kiti hicho. Kwenye Prius betri iko nyuma zaidi, na tundu liko ubavuni mwa kiti cha nyuma. Betri hizi za nikeli hazina adui mkubwa kuliko joto. Sasa yadi wakaleta kava la kiti, wakalivuta vizuri lipendeze, wakaliziba tundu lote. Gari imetembea na jua letu huku betri haipati pumzi. Tulipoitoa feni, mapanga yake yalikuwa yamevaa vumbi lililoshikamana na nyuzi za zulia na nywele, unalibandua kwa kidole linatoka kipande kizima kama sponji. Feni ya namna hiyo unaisikia inavuma kwa nguvu huko nyuma na hewa haiendi popote.

Kuisafisha ni kazi ya brashi laini, upepo na bisibisi. Hakuna kifaa kinachosubiriwa kutoka Dubai! Lakini nimeuliza wenye haibridi wengi ninaowafahamu, na karibu wote hawakuwahi kuambiwa kwamba feni hiyo ipo. Wanabadilisha oili kila wakati, wanaosha gari kila Jumamosi, na wamerundika begi la shule na koti mbele ya tundu. Kwa anayeishi barabara ya vumbi, feni iangaliwe kila service. Na usione uchungu kuwasha AC, kwa sababu hewa inayokupoza wewe ndiyo inayoipoza betri.

Sasa mafundi. Wapo waungwana na wanajijua, hawa siwagusi. Ninaowasema ni wale wa "tunabadilisha seli mbili tu bosi, gari inarudi mpya." Betri ya Aqua ina moduli 20 (ndizo hizo mafundi wanaziita seli), kila moja volti 7.2, jumla volti 144. Ya Prius ya kizazi cha pili na cha tatu ina 28, jumla 201.6. Zote zimeungwa kwa mfululizo, umeme unapita moja hadi nyingine, kwa hiyo ile dhaifu ndiyo inayoamua kiasi cha nguvu utakachopata. Ukitoa mbili zilizokufa ukapachika mbili ulizookota kwenye betri nyingine, bila kuzipima chini ya mzigo na bila kuzisawazisha na wenzake, umeficha tatizo tu. Zile kumi na nane zina uchovu ule ule. Baada ya muda inakufa nyingine, unalipia tena, inakufa nyingine tena. Dada yangu alipigwa hivyo mara ya kwanza, na fundi yule hata hakugusa vile vipande vya shaba vinavyoziunganisha moduli. Vilikuwa na kutu ya kijani. Alivirudisha hivyo hivyo. Feni nayo hakuisafisha, na kava akalirudishia palepale juu ya tundu.

Na alikuwa anafanya kazi hiyo mikono mitupu, kijana wa kujifunza akiwa pembeni anamshikia tochi! Volti 144 za betri hiyo zinaua. Kuna plagi ya usalama ya rangi ya chungwa, inachomolewa kwanza, kisha unasubiri angalau dakika kumi ili umeme uliobaki kwenye inveta (kifaa kinachoubadili umeme wa betri uendeshe mota) uishe, na unavaa glavu za umeme. Hata ukishachomoa, moduli zenyewe bado zina umeme. Nyaya zote za chungwa kwenye gari hizi ni za umeme mkubwa, rangi hiyo imewekwa kama onyo. Fundi asiyejua hilo asiiguse gari yako, kwa usalama wake yeye kabla ya gari.

Mengine nayataja haraka. Kompresa ya AC ya Toyota haibridi inazungushwa na umeme na inatumia oili yake, ND-11. Ukimpelekea fundi wa kujaza gesi akakuwekea oili ya kawaida ya AC, kinga ya umeme ndani ya kompresa inaharibika, na hapo unanunua kompresa. Inveta ina kulanti (kimiminika cha kupozea) yake na kichupa chake tofauti na cha injini. Kikipungua usiweke maji ya bomba. Injini inataka oili nyepesi ya 0W-20, acheni kuwamiminia watu oili nzito eti kwa sababu nchi yetu ina joto. Betri ndogo ya Aqua, ile ya volti 12, iko ndani ya gari, chini ya kiti, kwa hiyo iwe ya kufungwa yenye bomba la kutolea hewa nje, msiwapachikie watu betri ya maji ya kawaida wavute gesi zake. Kwenye foleni weka P au kanyaga breki, gari ikiwa kwenye N betri kubwa haichajiwi. Na usikubali haibridi yako itumike kustua gari ya jirani iliyoishiwa betri.

Kwa anayetaka kununua wiki hii: nenda na kifaa cha OBD (kile cha kuchomeka kusoma makosa ya gari) cha bluetooth na programu kama Dr. Prius kwenye simu. Usiangalie tu kama kuna kosa, angalia umbali tangu makosa yafutwe. Ukiwa mdogo mno, muulize muuzaji alifuta nini na kwa nini. Iendeshe, panda mlima, kaa kwenye foleni na AC. Vijistari vya chaji vikipanda hadi juu na kuporomoka hadi chini ndani ya dakika chache, hiyo betri inakufa. Kwenye programu, bloku (kundi la moduli) moja ikiporomoka peke yake mbali na wenzake ukikanyaga mafuta, rudisha funguo. Funua kava la kiti, ona tundu. Muuzaji akikataa usichomeke kifaa, ameshakujibu.

Sisi tumepiga picha ya skrini ile yenye umbali, tuna risiti na meseji za "gari haina tatizo lolote". Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na tunapeleka malalamiko. Yadi wakirudisha gharama ya betri nzima nitakuja kuandika hapa, wakigoma nitakuja kuandika pia.

Aliyefutiwa makosa kama dada yangu aweke hapa aina ya gari, mwaka wake, taa iliyowaka na alivyojibiwa na muuzaji. Na mwenye fundi Moro, Dodoma au Mwanza anayepima moduli moja moja kwa mzigo mbele ya mteja, anicheki PM. Dada bado anapanda bodaboda kwenda kazini.